Uwanja wa Wazi si Ardhi Tupu

Umezuka msamiati wa hatari katika baadhi ya ofisi za umma jijini Dar es Salaam. Uwanja ambao wananchi wameutumia miaka nenda miaka rudi kwa mpira, ngoma, mikutano na misiba huandikwa katika jalada kuwa ni “eneo lisiloendelezwa”. Maneno hayo mawili yakishaandikwa, uwanja umekwisha kuhukumiwa. Kinachofuata ni utaratibu tu: barua ya maombi, dokezo, sahihi, muhuri, na siku moja asubuhi watoto hukuta mabati yamezungushwa pale walipoacha magoli yao jana jioni.

Lugha hiyo ni ya uongo na yafaa ikomeshwe. Uwanja wa wazi una kazi yake, na kazi hiyo ni kuwa wazi. Anayeuita mtupu kwa sababu haoni tofali juu yake ni sawa na mtu anayeuita ukumbi mtupu kwa sababu ameuchungulia usiku wa manane.

Mabibo ni mahali pazuri pa kulipima jambo hili, kwa kuwa jina lake lenyewe ni ushahidi. Bibo ni tunda la mkorosho, lile lenye maji mengi na ukakasi, ambalo korosho huning'inia chini yake. Hakuna mahali panapoitwa jina hilo kwa sababu ya ghorofa. Kingo za magharibi za mji huu zilikuwa mashamba ya mikorosho, minazi na miembe, na mtu wa Kariakoo aliyeelekea huko aliaga kwamba anakwenda shamba. Kisha mji ukafuata Barabara ya Morogoro. Mwaka 1968 kiwanda cha nguo cha Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa Wachina, kilifunguliwa jirani na hapo, na wafanyakazi wakatafuta pa kulala karibu na kazi. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kilianzishwa mwaka 1975. Baadaye zikaja hosteli za wanafunzi wa Chuo Kikuu, na soko la ndizi ambalo wenyeji hulitania kwa jina la Mahakama ya Ndizi. Sensa ya mwaka 1967 iliukuta mji wa Dar es Salaam ukiwa na watu wasiofika laki tatu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa mzima. Leo mtoto wa Mabibo anaweza kumaliza darasa la saba bila kuliona bibo likiwa mtini.

Hakuna mwenye akili timamu anayedai mikorosho irudishwe na watu waondoke. Mji umekua kwa sababu wananchi walihitaji kazi, elimu na makazi, na hayo ni haki yao. Linaloulizwa ni jingine: baada ya shamba kuwa viwanja, na viwanja kuwa nyumba zinazogusana kuta, ni kitu gani kilichobaki ambacho mkazi wa Mabibo, Manzese, Tandale au Temeke anaweza kukiita chetu bila kuonyesha risiti?

Historia ya Mnazi Mmoja inalo jibu, nayo yafaa irudiwe kwa kirefu kwa sababu wengi huipita njiani kila siku wakiwa ndani ya basi. Wakoloni waliugawa mji huu kwa rangi za watu. Wajerumani walianza na Waingereza wakakamilisha: Uzunguni upande wa bahari, Uhindini katikati, na Waafrika wakasukumwa Kariakoo, mahali palipopata jina kutokana na kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Kati ya Uhindini na Kariakoo wakoloni waliacha ukanda wa ardhi bila nyumba, kwa kisingizio cha afya. Katika miaka ya 1920 na 1930 Waafrika waliokuwa wakiishi katika ukanda huo waliondolewa ili uwe wazi kweli kweli. Uwanja huo, basi, haukuzaliwa kwa wema. Ulikuwa ua wa kuwatenga watu, ingawa haukuwa na miba.

Lakini ua huo ukawageukia wenyewe walioujenga. Kwa kuwa ulikuwa wazi, watu wa Kariakoo waliufanya uwanja wao. Tarehe 7 Julai 1954 TANU ilizaliwa katika nyumba iliyo hatua chache kutoka hapo, katika mtaa ambao leo unaitwa Lumumba. Mwezi Machi 1955 Mwalimu Nyerere alilihutubia Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa mjini New York, na aliporejea ni Mnazi Mmoja alikosimama kuwaeleza wananchi yaliyosemwa. Chama kichanga kisichokuwa na ukumbi wa kuwatosha watu wake kilipata ukumbi usio na paa. Laiti mkoloni angaliujaza ukanda ule maghala na maduka, harakati zingalitafuta mahali pengine, na pengine pangalikuwa padogo zaidi na penye milango ya kufungwa kwa kufuli. Mnara wenye sanamu ya Mwenge uliopo hapo leo umesimama juu ya ardhi ambayo mtawala aliitaka iwe ya utengano.

Sasa na aulizwe afisa yeyote wa ardhi: je, atathubutu kuandika kwamba Mnazi Mmoja ni eneo lisiloendelezwa? Hatathubutu. Na si kwa sababu Mnazi Mmoja una uzio au askari. Ni kwa sababu kila mtu anajua kilichotokea pale. Kimeandikwa vitabuni, kimefundishwa darasani, kimekumbukwa katika sherehe za taifa. Kumbukumbu ndiyo hati ya uwanja ule, nayo ina nguvu kuliko karatasi.

Viwanja vya kata za pembezoni havina hati ya namna hiyo, na hapo ndipo lilipo kosa. Si kwamba havina historia. Kinondoni upo uwanja wa Biafra, ambao jina lake linamrudisha msikilizaji kwenye vita vya Nigeria vya mwaka 1967 hadi 1970, na kwenye tarehe 13 Aprili 1968, Tanzania ilipokuwa nchi ya kwanza duniani kuitambua Biafra. Uamuzi ule unaweza kubishaniwa mpaka kesho. Lakini kipande cha ardhi kinachobeba katika jina lake sura nzima ya siasa ya nje ya nchi hii si kitupu. Temeke upo Mwembe Yanga, ambako mti mmoja na mapenzi ya mpira yameungana kuwa anwani. Ni watoto wangapi wanaocheza Biafra wamewahi kuambiwa maana ya neno hilo? Na kama hawajaambiwa, nani atalia siku uwanja ukikatwa vipande?

Wapo watakaosema kwamba wa kulaumiwa ni matajiri na walanguzi wa viwanja. Walanguzi wapo, na hawastahili huruma. Hata hivyo mlanguzi hana muhuri. Hana mamlaka ya kubadili matumizi ya ardhi, wala hawezi kupima, kugawa namba ya kiwanja na kuandika barua ya toleo. Kikulacho ki nguoni mwako. Mpango Mkuu wa Jiji wa mwaka 1949, wa mwaka 1968 na wa mwaka 1979 yote ilitenga maeneo ya wazi. Sinza ilipopimwa katika miaka ya 1970, kwa mradi wa viwanja na huduma uliogharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, michoro yake ilikuwa na nafasi za kuchezea na kupumzikia. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inataka kibali cha mamlaka ya upangaji kabla ya matumizi ya ardhi kubadilishwa. Kwa hiyo kila uwanja uliopotea kwa njia ya barua ulipotea mbele ya macho ya mtumishi aliyelipwa mshahara wa umma ili aulinde.

Ofisi nazo zimehamahama. Serikali za mitaa zilivunjwa mwaka 1972, halmashauri za miji zikarudishwa mwaka 1978. Halmashauri ya Jiji ilivunjwa tena mwaka 1996 na kuwekwa Tume. Mwaka 2000 zikaja manispaa tatu za Ilala, Kinondoni na Temeke. Kisha Mabibo ikatolewa Kinondoni na kuwekwa katika manispaa mpya ya Ubungo. Na mwaka 2021 Jiji likavunjwa kwa mara nyingine. Kila uhamisho una sababu zake. Lakini kila uhamisho ni nafasi ya jalada kusahauliwa kabatini na mchoro kubaki katika chumba ambacho mwenye ufunguo amestaafu. Mwananchi wa mtaani hakuhama. Yeye ndiye anayejua goli lilikuwa upande gani.

Liko jambo gumu zaidi, na polepole ndilo linalovimaliza viwanja vingi. Mvamizi mwingine wa eneo la wazi haji na fedha chafu. Huja na haja ya kweli: zahanati, kituo cha polisi, ofisi ya kata, soko, darasa. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016 watoto walifurika shuleni, na ilikuwa ni furaha ya taifa. Mwaka 2021 Serikali ilielekeza sehemu ya mkopo wa shilingi trilioni 1.3 katika ujenzi wa madarasa 15,000 nchini. Nani atasimama mbele ya wazazi apinge darasa? Mwalimu mwenye wanafunzi mia katika chumba kimoja hawezi kuambiwa asubiri kwa sababu ya kiwanja cha mpira.

Hata hivyo swali halikuwa kuchagua kati ya darasa na uwanja. Lilikuwa kuchagua kati ya darasa la chini na darasa la ghorofa. Katika mji wa watu zaidi ya milioni tano, kutandaza vyumba vya bati moja baada ya kingine mpaka ukutani mwa shule ni ubadhirifu wa ardhi, hata kama hesabu ya mwaka huo ilionekana nafuu. Ardhi iliyofunikwa haitoi risiti ya hasara, kwa hiyo mkaguzi haioni. Hasara hiyo huonekana saa nne asubuhi, wakati wa mapumziko, watoto mamia wakisimama ukumbini kwa kuwa hawana pa kukimbilia.

Na maji hayasomi dokezo. Vijito vya Ubungo na Luhanga, vinavyopita jirani na Mabibo, huingia Mto Msimbazi, nao huteremka hadi Jangwani na kutokea baharini karibu na Daraja la Salenda. Bonde la Jangwani lilikuwa wazi kwa sababu ya kimaumbile: ndipo maji yanapopumzika. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za binadamu ndani ya mita 60 za kingo za mto. Watu walijenga, na baadhi yao walifikiwa na huduma kana kwamba wako mahali salama. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wapatao 40, na waliookoka wengi walihamishiwa Mabwepande. Hata karakana ya mabasi yaendayo haraka ilijengwa bondeni humo, na maji yakaivamia. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa mradi wa Bonde la Msimbazi, ambao pamoja na mambo mengine unalipa fidia, unaondoa nyumba na kukusudia bustani kubwa ya jiji palepale Jangwani. Ni mradi mzuri. Lakini mtumishi wa umma na autazame kwa uchungu: taifa linakopa ili lirudishiwe uwazi ambao lilikuwa nao bure.

Kwa hiyo walimu wana kazi ambayo haihitaji bajeti. Somo la historia lisiishie Mnazi Mmoja. Wanafunzi wa Mabibo watumwe kwa wazee wa mitaa yao na daftari, waulize mikorosho ilikuwa wapi, mpira ulichezwa wapi, mkutano wa kwanza wa mtaa ulifanyika chini ya mti gani, na uwanja ule uliitwaje kabla haujaitwa namba. Majibu yaandikwe na kuhifadhiwa shuleni. Mzee mmoja akifariki kabla ya kuulizwa, uwanja mmoja umepoteza shahidi.

Watumishi wa ardhi nao wana kazi yao, na ni nyepesi kuliko wanavyopenda kuonyesha. Kila eneo la wazi lipimwe, liwekewe mawe ya mipaka, liandikiwe hati kwa jina la halmashauri na kwa jina ambalo wananchi hulitumia. Nakala ya mchoro wa mipango miji, yenye maeneo hayo yakiwa yamepakwa rangi ya kijani, ibandikwe katika ukuta wa kila ofisi ya kata na kila ofisi ya mtaa, mahali ambapo mama anayefuata barua ya utambulisho anaweza kuusoma akiwa kwenye foleni. Gharama yake ni karatasi moja na gundi. Afisa atakayesema kwamba mchoro huo ni siri, aeleze ni siri ya nani.