Kabla ya Posa, Tuulizane Habari za Watoto Waliofariki



Posa ikija nyumbani wazee huuliza mengi. Anasali? Ana kazi gani? Babu yake nani? Sijasikia mtu akiuliza: kwenu wamefariki watoto wangapi wakiwa wachanga, na waliugua nini? Mimi naona swali hili lina haki ya kuulizwa kabla ya mahari kutajwa.

Kuna maradhi yanaitwa Krabbe. Mtoto huzaliwa mzima, ananyonya, anacheka. Akifika miezi kadhaa huanza kulia bila kunyamaza, mwili unakakamaa, kunyonya kunamshinda, na wengi hawapiti miaka miwili. Mwili wake umekosa kimeng'enya kimoja tu. Kwa kukosa hicho, utando unaofunika mishipa ya fahamu, kama plastiki inavyofunika waya wa umeme, huharibika. Wangapi kati yetu tumesikia habari ya mtoto wa namna hii, tukaambiwa ni kijicho, au mama yake alitoka nje magharibi kabla ya arubaini?

Huko Marekani, katika Chuo Kikuu cha Duke, madaktari walijaribu kuwapandikizia watoto hawa seli shina zitokazo kwenye damu ya kitovu cha watoto wengine. Seli hizo hukaa kwenye uboho, na baadhi ya watoto wao hufika mpaka kwenye ubongo na kupeleka kile kimeng'enya. Matokeo yalichapishwa 2005. Watoto 11 walipandikizwa wakiwa na siku 12 hadi 44, kabla ya dalili, na wote walikuwa hai wakati ripoti inaandikwa. Watoto 14 walipandikizwa dalili zikiwa zimeshaanza. Waliobaki hai ni 6 tu, na hao nao hawakupata nafuu ya maana.

Sasa hao 11 walijulikanaje mapema hivyo? Kwa sababu kwao alikwishapatikana mgonjwa, na familia ikasema. Wakapimwa tumboni au mara tu walipozaliwa. Mtoto ambaye ndugu yake alifichwa angeingia kundi la pili, au asingeingia popote.

Wapo wanaosema kumtia dawa kali mtoto wa wiki mbili anayeonekana mzima ni kuichezea amana ya Allah. Hofu hiyo naielewa. Kabla ya kupandikizwa mtoto hupewa dawa za kuua uboho wake mwenyewe, na zipo roho zilizopotea kwa tiba yenyewe. Tena si kupona kabisa: wengi wa wale waliowahi walikuja kupata shida ya kutembea na kusema. Hata hivyo, Mtume (s.a.w.) ametuamrisha tujitibu, na mimi nayaunga mkono majaribio haya kwa sharti moja, kwamba mama aambiwe yote hayo kabla hajatia saini.

Kwa upande wa dini, Baraza la Fiqhi la Rabita huko Makka lililizungumzia jambo hili 2003. Liliruhusu seli shina za kitovu na kondo la nyuma, na za watu wazima walioridhia, likakataza mimba itolewe makusudi kwa ajili yake. Sisi zalio tunalifukia na damu yake yote, na wala hatufanyi kosa. Ni vizuri tu kujua tunachofukia.

Maradhi mengine ya jamii hii yanagusa visiwa vyetu kwa njia ya pembeni. Lorenzo Odone, mtoto wa Kitaliano na Kimarekani aliyetengenezewa filamu 1992, aliishi na wazazi wake Ngazija kabla ya kuugua. Alipolala kitandani hawezi kusema wala kumeza, kijana wa Kingazija aliyekuwa rafiki yake alivuka bahari kwenda Marekani kumuuguza. Ugonjwa wake, adrenolukodistrofi, huwashika wavulana walioanza shule. Ufaransa waliripoti 1990 kwamba uboho uliopandikizwa mapema umeuzuia kwa mvulana mmoja.

Ugonjwa huo hupitia kwa mama, na hapa ndipo ninapoogopa. Najua wanaume watakaosikia hivyo wakatafuta karatasi ya talaka. Basi nao wasikie kwamba Krabbe haiji mpaka baba na mama wote wawili wawe wameibeba, kila mmoja mzima wa afya, na kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa. Kwa binamu waliooana nafasi ya kukutana hivyo ni kubwa zaidi. Sisemi msiolewe na binamu. Bibi Fatma aliolewa na Sayyidna Ali, nani wa kuharamisha? Nasema muulizane.

Tiba hizi hapa kwetu hazipo. Moja ya ndugu zake, inayorekebisha seli za mtoto mwenyewe, ilitangazwa Marekani 2024 kwa bei ya dola milioni 4.25. Kuuliza ni bure. Bibi harusi, somo wako akikukalisha kukufunda, mwombe akupeleke kwa bibi mzaa baba na bibi mzaa mama wa pande zote mbili. Wao wanawakumbuka watoto wale kwa majina, na wangali hai.