Wapangaji waliokosa makazi nao walipiwe kodi



Naomba nafasi katika ukurasa wa barua wa gazeti letu ili nami nitoe maoni yangu kuhusu wananchi wanaobaki bila makazi mijini baada ya mafuriko au bomoabomoa, hasa wale ambao nyumba iliyoondoka haikuwa yao bali walikuwa wamepanga.

Yanapotokea maafa Serikali yetu hutoa mahema, unga, maharage na mablanketi. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 jijini Dar es Salaam, watu wa mabondeni waligawiwa viwanja Mabwepande. Hayo ni mazuri na tunashukuru. Lakini kiwanja si nyumba. Mtu anayeuza mihogo Kariakoo akipewa kiwanja leo, atalala wapi mpaka apandishe ukuta? Sisi wa Kilosa tuliona baada ya mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 jinsi hema la kujisitiri kwa muda linavyoweza kugeuka kuwa nyumba. Na yule aliyekuwa na chumba kimoja cha kupanga, ambaye hana jengo la kuandikiwa wala ardhi ya kufidiwa, yeye anahesabiwa katika kundi gani?

Kwamba mtu aliyeondolewa anahitaji kodi, hilo si jambo geni. Kanuni za fidia ya ardhi za mwaka 2001, zilizotungwa chini ya Sheria ya Ardhi ya 1999, ziliweka posho ya makazi: kodi ya soko ya jengo huzidishwa kwa miezi 36. Ziliweka hata gharama ya kusafirisha mizigo ya tani 12 kwa umbali wa kilomita 20. Waliozitunga walifikiri vizuri. Kasoro ninayoiona mimi ni kwamba posho hiyo huhesabiwa pamoja na fidia ya jengo linalotwaliwa, kwa hiyo njia yake ni kwenda kwa mwenye jengo. Katika nyumba moja ya uswahilini yenye vyumba sita huenda mna familia sita. Familia moja inaondoka na kodi ya miaka mitatu, tano zinaondoka na godoro kichwani. Tena pakiwa ni mafuriko, ambapo hakuna ardhi iliyotwaliwa, hata hiyo posho haipo.

Wako watakaosema ati mpangaji hana hasara, ahame tu akapange kwingine. Nadhani msemaji wa maneno hayo hajapata kutafuta chumba Dar es Salaam. Wenye nyumba wengi hutaka kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, na dalali naye hudai kodi ya mwezi mmoja kwa kazi ya kuonyesha mlango. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya 1984 ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo tunaambiwa pande mbili zielewane, yaani mwenye nyumba aseme na mpangaji aitikie. Tuchukue chumba cha shilingi 60,000 kwa mwezi. Siku ya kwanza zinatakiwa 360,000 za miezi sita na 60,000 za dalali, jumla 420,000. Mtu ambaye juzi maji yamemchukulia jiko, ndoo na mtaji atazitoa wapi? Lakini huyo huyo, akirudi kwenye biashara yake, 60,000 za kila mwezi anazimudu kama alivyozimudu zamani. Kinachomshinda ni kuingia.

Huku kijijini matokeo tunayaona kwa watoto. Wazazi wakikosa pa kukaa mjini, mtoto hupakiwa basi aje kwa bibi yake. Anafika katikati ya muhula, pengine darasa la nne mwaka wa upimaji, hana barua ya uhamisho, namba yake ya PREM hakuna anayeijua, daftari zimekwenda na maji. Mwalimu unampokea, maana huwezi kumrudisha. Anaambiwa ni wiki mbili tu, mama akipata chumba atamfuata. Wengine wamemaliza shule ya msingi hapa hapa wakingoja.

Wenzetu wa Kenya walijaribu. Mwezi Mei 2024, baada ya mafuriko na watu kuondolewa kandokando ya mito katika mitaa ya Nairobi kama Mathare, Rais William Ruto alitangaza kila kaya ipewe shilingi 10,000 za Kenya ili ikatafute pa kuishi. Nasifu kwamba ahadi ilitaja kaya, si wenye nyumba peke yao. Ila mimi nisingetoa fedha mkononi mara moja, kwa sababu mwenye njaa atanunua chakula kwanza, na hakuna wa kumlaumu.

Ninalopendekeza ni halmashauri imlipe mwenye nyumba moja kwa moja kodi ya miezi sita ya kwanza, kwa mkataba ulioshuhudiwa na mtendaji wa mtaa, bila dalali, na mpangaji aanze kulipa mwenyewe mwezi wa saba. Fedha zilipwe kabla ya mtu kuingia, kwani wenye nyumba hawatakubali kuandika deni la Serikali. Sisi watumishi tunaojua habari za malimbikizo hatuwezi kuwashangaa. Mtumishi akihamishwa hupewa posho ya uhamisho ili asilale nje. Mama lishe aliyehamishwa na maji naye ni mjenga nchi.

Udanganyifu utakuwepo, maana mafuriko yakipita kila mtu atakuwa mpangaji. Dawa yake ni daftari la wakazi. Kamati za maafa zipo kisheria mpaka ngazi za chini, basi wenyeviti wa mitaa ya mabondeni wapite chumba kwa chumba waandike nani anaishi wapi na analipa kiasi gani. Wenye nyumba wanaowaficha wapangaji kwa kuogopa kodi ya mapato waelezwe kwamba jina lisiloandikwa halitalipiwa. Kazi hiyo ifanywe wakati wa kiangazi, kabla ya masika ya Machi.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kilosa, Morogoro.