Flashi imegoma, na keki ndiyo inakatwa

Kurasa zetu za harusi huletewa picha nyingi, na mimi ndiye ninayezipitia. Kuna aina moja naitambua kwa kuitupia jicho tu. Bwana na bibi harusi wameshika kisu, kamati imejipanga nyuma, na wote wako gizani kama umeme umekatika. Picha inayofuata imewaka safi kabisa, ila sasa keki imeshakatwa na bibi harusi anajifuta mdomo. Mpiga picha ni mzuri tu, picha zake nyingine zinaonyesha. Flashi yake ndiyo iliyogoma kwa sekunde moja, na sekunde hiyo ndiyo mliyomlipia.

Leo nasema na pande mbili: ninyi mnaofunga ndoa, na ninyi wenye kazi za ofisini ambao Jumamosi mnabeba kamera kutafuta chochote. Wengi wenu siku hizi flashi hamuiweki juu ya kamera. Mnaisimamisha pembeni kwenye stendi, na mwavuli mweupe, halafu triga ndogo iliyoko juu ya kamera inaipa amri kwa mawimbi ya redio. Mwanga wa pembeni unapendeza, sura inapata umbo, haiwi bapa kama ya pasipoti. Lakini njia imekuwa ndefu, na popote inaweza kukatika.

Kinachoniudhi ni jinsi jamaa anavyohangaika ikishagoma. Anabadilisha chaneli, anatoa betri, anazima, anawasha, vyote kwa mkupuo, huku MC akichekesha watu ili kumpa nafasi. Ikiwaka hajui dawa ilikuwa ipi. Nusu saa baadaye, kwenye ndafu, inagoma tena.

Triga karibu zote zina kitufe cha kujaribia. Kibonyeze hicho kwanza, bila kugusa kamera. Flashi ikiwaka, mawasiliano kati ya triga na stendi ni mazima, kwa hiyo achana na chaneli. Ugonjwa uko kati ya kamera na triga. Isipowaka, kamera haina kosa, angalia upande wa pili. Umeshapunguza kazi nusu, na MC hajamaliza hata kichekesho kimoja.

Tuseme kitufe kinawasha lakini kamera haiwashi. Isukume triga mpaka mwisho wa reli yake na uikaze, maana ikirudi nyuma kidogo tu pini hazigusani. Futa jasho na vumbi kwa kitambaa kikavu. Kisha angalia shata. Wenye kamera mpya zisizo na kioo wanaweka shata ya kimya kanisani ili wasisumbue ibada, mtu anafika ukumbini kasahau. Kwenye kamera nyingi, shata ya kielektroniki ikiwa kazini flashi haiwaki kabisa. Na kuna kamera zenye mambo yao: Canon EOS 250D, iliyotoka mwaka 2019, haina ile pini ya katikati ambayo flashi za kila namna ziliitegemea kwa miaka mingi. Triga ya bei poa inayotumia pini hiyo peke yake haitawaka hata uifanyie maombi. Tafuta iliyotengenezwa kwa ajili ya Canon.

Kama hata kitufe hakiwashi, anza na betri, na usiishie za flashi. Triga nyingi za zamani za bei nafuu zinatumia kile kibetri kidogo cha volti 12, kama cha rimoti ya geti, na watu hawakikumbuki mpaka kife. Flashi nyingine hujizima zenyewe ili kuokoa betri wakati wa hotuba ndefu za wazee, kwa hiyo zima mpangilio huo mapema. Baada ya hapo ndipo uangalie chaneli na kundi, zifanane pande zote mbili. Wenye Godox wana namba ya ziada ya utambulisho, nayo lazima ilingane. Na kama stendi iko karibu nawe sana, chini ya mita moja, triga za Godox zinaweza kushindwa. Ndani ya menyu kuna chaguo la mita 0 hadi 30, liweke hilo.

Picha ikitoka na mkanda mweusi upande mmoja, triga haina hatia. Umepandisha mwendo wa shata kupita kiasi. Kamera nyingi zinaishia karibu 1/200 au 1/250. Shusha.

Sasa turudi kwenye ile jozi ya picha za keki, kwa sababu hapo ndipo triga inaposingiziwa zaidi. Giza halafu mwanga, giza halafu mwanga. Hiyo mara nyingi ni flashi iliyowashwa kwa nguvu zote na bado inajaza chaji. Flashi ya betri nne, ikipigwa kwa nguvu kamili, inahitaji sekunde kadhaa kabla ya kuwaka tena, na betri zikichoka zinaongezeka. Shusha nguvu hadi robo, pandisha ISO, na tumia betri nzuri za kuchaji, ambazo hujaza haraka kuliko za kutupa. Au kuna mpiga picha mwingine ukumbini, pengine shemeji aliyekuja na vifaa vyake, yuko chaneli moja na wewe. Kila akipiga yeye, flashi yako inawaka na kujimaliza. Mtafute kabla ya maharusi kuingia mgawane chaneli. Hakuna haja ya kununiana.

Ninyi maharusi, kwenye kikao na mpiga picha msiulize bei ya albamu tu. Muulizeni kama ataingia ukumbini kabla ya wageni, apige picha za majaribio akiwa pale pale atakaposimama wakati wa keki, na stendi ikiwa mahali pake. Ukumbi uliojaa watu mia tatu na simu zao si sawa na sebuleni kwake. Triga nyingi za sasa zinatumia masafa ya 2.4 GHz, yale yale ya Wi-Fi na Bluetooth, na miili ya watu nayo inayapunguza nguvu. Stendi ikipandishwa juu ya vichwa, mambo huwa nafuu.

Muulizeni pia atafanya nini vyote vikikataa. Jibu ninalolipenda ni fupi: ataitoa flashi kwenye stendi, ataichomeka juu ya kamera, atageuza kichwa chake kitazame dari, aendelee na kazi. Dari ikiwa nyeupe, mwanga unarudi laini. Mpambaji wenu akiwa ameifunika yote kwa vitambaa vya zambarau, mwambieni mpiga picha mapema, maana nyuso zote zitatoka zambarau.