Adabu Si Kunyamaza

Wanaklabu wengi wa mwaka wa mwisho wanaomba kazi za uchambuzi wa fedha, na ushauri unaozunguka kati yetu ni ule ule: jifunze Excel, pitia fomula, vaa vizuri siku ya usaili. Sina ugomvi na ushauri huo. Lakini unaacha jambo ambalo sisi tuliolelewa katika nyumba za Waswahili hapa Uingereza tunalihitaji sana: kujua kumuuliza mkubwa kuhusu namba yake.

Tumefundishwa kuamkia, kupokea kwa mikono miwili na kutomkatiza mtu mzima anapozungumza. Ni malezi mema, sitaki tuyatupe. Tatizo ni kwamba tumejifunza pia somo la pili, ambalo hakuna aliyekusudia kutufundisha: mdogo akiona kosa la mkubwa, anyamaze. Nyumbani kimya hicho huhifadhi heshima ya mtu. Ofisini kinaweza kupoteza fedha za watu.

Mwaka 2012 benki ya JPMorgan ilipata hasara ya zaidi ya dola bilioni 6 kutokana na biashara za ofisi yake ya London. Ripoti ya benki yenyewe, iliyotoka mwaka uliofuata, ilieleza kwamba jedwali la kupimia hatari lilijazwa kwa mkono, kwa kunakili na kubandika, na kwamba fomula moja iligawanya kwa jumla ya viwango viwili badala ya wastani wake. Hatari ikaonekana ndogo kuliko ilivyokuwa. Fomula hiyo peke yake haikuleta hasara yote. Hata hivyo, tofauti kati ya jumla na wastani tuliisoma sote shuleni.

Sasa mtazameni Thomas Herndon, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst. Alipewa kazi ya darasani ya kurudia hesabu za makala maarufu ya mwaka 2010 ya Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, wachumi wa Harvard. Makala hayo yalionyesha kwamba katika nchi zenye deni linalozidi asilimia 90 ya pato la taifa, uchumi hupungua kwa wastani wa asilimia 0.1 kwa mwaka. Herndon hakulipata jibu hilo. Akawaandikia wenyewe, akaomba jedwali lao, nao wakampa. Akakuta wastani umeziacha nchi tano. Mwaka 2013 yeye na walimu wake wawili walitoa hesabu mpya: baada ya kusahihisha kosa hilo, pamoja na namna takwimu zilivyochaguliwa na kupewa uzito, walipata ukuaji wa asilimia 2.2. Wachumi wale walikubali kosa la jedwali, ingawa waliendelea kutetea hoja yao.

Herndon hakumvunjia mtu heshima. Aliomba, akakagua, akaonyesha. Na hapo ndipo malezi yetu yanapotufaa, maana Kiswahili kina njia nyingi za kuuliza bila kushambulia. “Naomba kueleweshwa” ni sentensi nzuri kuliko “umekosea,” na kazi inayofanya ni ile ile.

Wako watakaosema kwamba mgeni anayeuliza kila kitu ataonekana hajui kazi. Ni kweli, akiuliza mikono mitupu. Kwanza ifuatilie namba mpaka ilikotoka. Jumlisha upya kwa njia nyingine. Andika ulichojaribu na mahali ulipokwama. Ndipo umwendee meneja na swali moja lililo wazi. Kuuliza si ujinga, lakini swali nalo hutayarishwa.

Jambo la pili la kujifunza ni kueleza. Mchambuzi wa fedha huandaa hesabu zitakazosomwa na watu wasio wahasibu. Chukueni mfano huu: kampuni imeuza bidhaa za pauni 100,000 kwa mkopo wa siku 60, na gharama zake za mwezi, zinazolipwa taslimu, ni pauni 70,000. Kwenye taarifa ya mapato ina faida ya pauni 30,000. Benki, kama haikuwa na akiba, haina hata senti ya kulipa mishahara. Mama yangu, anayepika pilau na sambusa za harusi, hakuhitaji kozi kulielewa hilo. Nilipomweleza alijibu, “Harusi imekwisha, wageni wameshiba, pesa bado ziko kwa bwana harusi.” Ukiweza kumweleza mama yako kwa Kiswahili tofauti ya faida na fedha mkononi, utaweza kumweleza mkurugenzi kwa Kiingereza.

Kwa hiyo napendekeza klabu itenge jioni moja kila mwezi. Taarifa za fedha za kampuni za hapa zinapatikana bure kwenye tovuti ya Companies House. Tuchague moja, tusome mizania, taarifa ya mapato na ya mtiririko wa fedha pale zilipo, na kila mmoja alete swali moja alilolitayarisha. Walimu wetu nao waje, wakae nasi, na watuvumilie tukiwauliza wao. Ni afadhali sauti zetu zitetemeke mbele yao humu ukumbini kuliko zikauke siku ya kwanza kazini, namba mbaya ikipita mbele ya macho yetu.