Anunuaye Nyumba Ufukweni Ajue Anunuacho

Ujenzi wa barabara ya lami itokayo Tanga kupitia Pangani na Saadani hadi Bagamoyo, ipatayo kilometa 256, pamoja na daraja jipya la Mto Pangani, umeleta mazungumzo mapya katika pwani yetu. Kwa miaka mingi msafiri aliyefika Pangani alisubiri pantoni ili avuke kwenda Bweni, na pengine shida hiyo ya njia ilizilinda fukwe za Ushongo, Kipumbwi na Mkwaja kuliko sheria yoyote iliyoandikwa. Sasa njia inafunguka, na macho ya wenye akiba, wa hapa nchini na wa ng'ambo, yanaelekea huko. Wanatamani nyumba ndogo ya mapumziko penye minazi, ndani ya eneo lenye ulinzi, bustani na majirani wa hali moja.

Sisi hatuilaumu tamaa hiyo. Ujenzi huleta kazi kwa fundi, na mgeni hununua samaki kwa mvuvi. Lakini yapo maswali mawili ambayo ni lazima yajibiwe kabla fedha hazijatoka mfukoni: mnunuzi ananunua nini hasa, na kijiji kinatoa nini?

Tuanze na mnunuzi. Umiliki wa ardhi wa milele ulifutwa Tanganyika tangu mwaka 1963. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Anachopewa mtu ni haki ya kuitumia, kwa muda usiozidi miaka 99 pale hati inapotaja muda. Asiye raia hapewi ardhi ila kwa ajili ya uwekezaji ulioidhinishwa, na kampuni ambayo hisa zake nyingi zimo mikononi mwa wageni huhesabiwa kuwa ya wageni. Kwa hiyo mgeni anayeandikisha kiwanja kwa jina la rafiki au mchumba aliye raia amejenga juu ya mchanga. Rafiki akifariki, warithi watadai kilicho chao kwa mujibu wa hati, na mahakamani mgeni huyo atakuwa na machozi tu ya kuonyesha.

Aidha, nyumba iliyo ndani ya eneo la pamoja ina masharti yake. Huko Uingereza, ambako maeneo ya namna hii ni ya zamani, mnunuzi aghalabu hununua kibanda tu. Ardhi hubaki kuwa ya mwenye eneo, ada hulipwa kila mwaka, na mara nyingi hairuhusiwi kukifanya kibanda hicho makao ya kudumu. Wapo waliogundua hayo baada ya kulipa. Kwa majirani zetu wa Kenya, Katiba ya mwaka 2010 inamruhusu asiye raia kupanga ardhi kwa muda usiozidi miaka 99, na nyumba za Vipingo, huko Kilifi, zimejengwa katika pwani ileile ya mkonge tuijuayo. Zanzibar nayo imewafungulia wageni mlango wa kununua nyumba katika miradi iliyoidhinishwa, kama ile ya Fumba na Paje. Asidhani mtu kwamba alichokiona Unguja ndicho kilichopo Pangani, kwani ardhi si jambo la Muungano, na sheria za pande mbili hizi si moja.

Sasa tukigeukie kijiji. Sehemu kubwa ya ukanda huu ni ardhi ya vijiji, nayo inatawaliwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Sheria hiyo inaikataza halmashauri ya kijiji kugawa ardhi kabla ya mkutano mkuu wa kijiji kuridhia. Karatasi iliyotiwa sahihi na mwenyekiti jioni, chini ya mwembe, mbele ya mashahidi wawili, haitoshi. Mwuzaji anaweza kufurahia fedha hizo kwa msimu mmoja, lakini wanawe watahitaji mahali pa kuanika dagaa na kupandisha ngalawa kwa miaka yote ijayo. Mwenye nyumba ya mapumziko huja kwa wiki chache. Mvuvi yuko pale usiku na mchana, kaskazi na kusi.

Bahari yenyewe pia ina hukumu yake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Anayeiona sheria hiyo kuwa ni usumbufu na akitazame kisiwa cha Maziwe, mbele ya Ushongo. Kisiwa hicho kilikuwa na miti na mazalia ya kasa. Leo ni fungu la mchanga linalofunikwa na maji ya bamvua. Maji yaliyokila kisiwa hayatashindwa kuila baraza ya nyumba.

Kwa maoni yetu, halmashauri za wilaya hazina budi kutenda kabla magari ya kwanza ya wanunuzi hayajafika. Kwanza, mipaka ya vijiji na mashamba ipimwe, na wenyeji wapewe hati zao za kimila. Pili, madiko ya wavuvi na njia za kwendea pwani ziandikwe katika ramani, ili asiwepo mtu wa kuziwekea ukuta. Tatu, penye uwezekano, ardhi ikodishwe kwa muda kupitia mamlaka ya uwekezaji, na mapato yanayostahili kijiji yasomwe hadharani katika mkutano mkuu.

Naye mnunuzi tunampa rai moja. Kabla ya kuuliza bei, aiulize hati: ni ya nani, ni ya miaka mingapi, ada ni kiasi gani, na nani atairithi. Mwuzaji akikasirishwa na maswali hayo, basi amekwisha kujibu.