Turkana Iko na Karata Kali, Shida ni Inacheza Kwanza

Wasee, kabla tuingie kwa story ya mafuta, tuelewane kuhusu poker. Siongelei ile ya mtaa, ya kumlisha jirani mbili na tatu mpaka akasirike, halafu unatangaza "niko kadi" na kufunga game. Hiyo ni yetu na ni tamu. Naongelea ile ya kasino, Texas Hold'em. Kila mtu anapewa karata mbili za siri, kisha katikati ya meza zinafunguliwa tatu, halafu moja, halafu moja ya mwisho. Kila zikifunguliwa, watu wanaweka pesa, wanapandisha dau, ama wanatupa karata na kutoka.

Sasa chukua mkono huu. Uko na 8 mbili. Mezani zinafunguliwa 9 ya kopa (zile nyekundu za moyo), 8 ya kopa, na 3 ya maua. Umeshika 8 tatu, mkono mkali sana, na mbele yako kuna 1,000 mezani. Ungekuwa mgeni ungeanza kutabasamu.

Lakini angalia meza vizuri. Kopa ziko mbili tayari, kwa hivyo mwenye kopa mbili mkononi anangoja moja tu akupite. 9 na 8 zimefuatana, kwa hivyo mwenye 10 na J anangoja 7 ama Q akupite pia. Halafu kuna kitu kibaya zaidi: umekaa kiti cha kwanza. Kila raundi wewe ndio unaongea kabla ya jamaa. Yeye anakusikia, anakuangalia uso, ndio anaamua. Wewe unaamua ukiwa gizani.

Wengi hapa wanakosea kwa kujifanya wajanja. Wanagonga meza, hawaweki kitu, wakitegemea jamaa ataweka ndio wampandishie. Jamaa naye si fala. Anagonga pia, anaona kadi inayofuata bure. Kopa ikianguka, 8 zako tatu zimegeuka kuwa hasara, na bado ni wewe wa kwanza kuongea.

Wengine wanaweka kidogo, kwa uoga. Hesabu yake iko hivi: ukiweka 300, jamaa analipa 300 kushinda 1,300. Ili isimkule, anahitaji kufaulu karibu mara 19 kwa 100. Na kopa zilizobaki ni 9 kati ya karata 47 ambazo hajaona, yaani hiyo hiyo 19 kwa 100. Umemuuzia kadi kwa bei ya jioni sokoni. Ukiweka 750, anahitaji kufaulu mara 30 kwa 100, na hana hiyo nafasi. Akilipa, amelipia kupotea. Akitoka, umebeba 1,000 yako mapema na kuenda home.

Kwa hivyo mkono mkali, kiti kibaya, meza yenye watu wanaongoja kadi: weka bei ya juu, na uiweke mapema. Sasa mketishe Turkana hapo.

Tarehe 26 Machi 2012, Rais Mwai Kibaki alitangaza kwamba mafuta yamepatikana kwenye kisima cha Ngamia-1, upande wa Lokichar. Baadaye visima vikaja na majina ya wanyama kama mbuga nzima: Twiga, Etuko, Ekales. Pipa moja la mafuta duniani lilikuwa likiuzwa zaidi ya dola 100 wakati huo. Lodwar ploti zikapanda bei, hoteli zikamea, kila msee na binamu yake wakafungua kampuni ya kusambaza kitu. Hizo ndizo zilikuwa 8 tatu.

Kiti sasa. Kampuni ndizo zilikuwa na data ya ardhini, zikijua kila kisima kina nini kabla ya mtu yeyote wa Lokichar kujua. Mikataba ya kugawana mafuta ilisainiwa Nairobi kabla kaunti ya Turkana haijazaliwa 2013, na mwananchi hakuwekewa mezani aisome. Isitoshe, kwa Katiba yetu madini na mafuta yanashikiliwa na serikali ya kitaifa kwa niaba ya Wakenya wote. Maze, hii ni noma kuliko poker ya kawaida. Unacheza kwanza, na karata zako ziko mkononi mwa mtu mwingine anayekuambia atakuchezea vizuri.

Na nani alikuwa anangoja kadi? Karibu kila mtu mezani. Kampuni zilingoja bei ya dunia, na ikaanguka hadi chini ya dola 30 Januari 2016. Mwaka huo huo Uganda, ambayo ilikuwa imezungumza na Kenya kuhusu bomba moja la kupitia Lokichar hadi Lamu, ikageuka na kupeleka lake Tanga, Tanzania. Hiyo ilikuwa kopa ya tatu kuanguka mezani. Bomba la kushirikiana lingegawa gharama; la peke yetu ni mzigo wetu peke yetu. Wanasiasa nao walingoja uchaguzi, kama kawaida.

Je, Turkana iliwahi kuweka dau? Iliweka, tena kwa miguu. Oktoba 2013 watu waliandamana mpaka kwenye kisima cha Twiga wakidai kazi na tenda, na Tullow ikasimamisha shughuli kama wiki mbili. Juni 2018, wiki chache baada ya Rais Uhuru Kenyatta kuzindua malori ya kwanza ya mafuta ghafi, wakazi walifunga barabara Lokichar kwa sababu ya usalama na kazi. Malori yakakaa mpaka Agosti. Mtu asikuambie watu wa huko walilala.

Shida yangu iko kwa saizi ya dau. 2013 walichoomba ni kazi na tenda, na tenda ni kitu kampuni inaweza kutoa bila jasho. Ni ile 300 kwa 1,000. Jamaa alilipa, akaendelea kungoja kadi yake. Hakuna siku malori yalisimama kwa sababu watu walikataa kusonga mpaka mikataba iwekwe hadharani.

Kwenye mgao ndio walipigania asilimia, na hapo pia kuna mchezo. Muswada wa kwanza uliipa jamii asilimia 10. Uhuru akaurudisha Bungeni 2016 akitaka 5. Baada ya vuta nikuvute ndefu na Gavana Josphat Nanok, 2018 wakaelewana, na Sheria ya Petroli ya 2019 ikaandikwa hivyo: serikali kuu 75, kaunti 20, jamii 5. Watu wengi mtaani husoma hapo na kufikiria kila mapipa 100 yakitoka, 5 ni ya jamii. Zii. Hiyo 5 inakatwa kwa fungu la serikali ya kitaifa peke yake, baada ya kampuni kujirudishia gharama zake na kuchukua faida yake. Tena imewekewa kofia: ya kaunti isizidi kile Bunge limeitengea mwaka huo, na ya jamii isizidi robo yake. Yaani kelele zote zilikuwa kuhusu namba 5 na 10, na zile sentensi za chini zikapita pole pole.

Agosti 2019 meli ya kwanza ilitoka Mombasa na mapipa zaidi ya 200,000, tukaambiwa thamani ni dola milioni 12. Picha zikapigwa, bendera ikapeperushwa. Kabla mwaka uishe mvua ilikuwa imeharibu barabara na malori yamesimama. Mei 2020, korona ikiwa imeshika dunia, kampuni zikatangaza kwamba mambo yamezidi uwezo wao. Leseni ikaongezwa muda. Kila leseni ikiongezwa bila sharti kali, hiyo ni kadi ya bure.

Halafu angalia vile wenye kiti kizuri hutoka. Mei 2023 TotalEnergies na Africa Oil walitupa karata na kumwachia Tullow kila kitu. Total ilikuwa tayari kwenye meza kubwa zaidi Uganda, kwa hivyo haikulia. Tullow nayo 2025 ikauzia Gulf Energy biashara yake ya Kenya kwa angalau dola milioni 120, kwa mafungu matatu ya milioni 40. La kwanza ni la kufunga dili, la pili limefungwa na kuidhinishwa kwa mpango wa kuchimba, na la tatu litalipwa kidogo kidogo kuanzia 2028. Juu ya hapo ikabaki na malipo ya mrabaha siku mafuta yatatiririka, pamoja na haki ya kurudi kwa asilimia 30 kwenye awamu za baadaye. Soma hiyo tena. Mchezaji ameinuka, amebeba doo, na bado kadi yake ikianguka analipwa. Siwezi hata kumkasirikia, amecheza vizuri. Walitumia pesa ndefu kuchimba, hilo pia tuseme.

Kuna watu wataniambia dau kubwa lingefukuza kampuni, na tungebaki na mafuta chini ya mchanga. Ni hoja ya maana. Kwa poker pia ukiweka kubwa, jamaa hutoka. Lakini 2012 hadi 2014, pipa likiwa juu ya dola 100, hakuna aliyekuwa anataka kutoka. Hiyo ndiyo raundi ya kuitisha. Kuanzia 2016 kweli ungekuwa unapandisha kwa mtu ambaye tayari anatafuta mlango.

Na si kila mkono mkali ni mkali. Septemba 2013 tulitangaziwa ziwa la maji chini ya ardhi kule Lotikipi, watu wakaanza kuhesabu mashamba. Vipimo vya baadaye vikasema maji yana chumvi nyingi. Kwa hivyo naelewa mtu wa Turkana akisita kuweka kila kitu kwa ahadi ya chini ya ardhi. Ila mafuta yameshapimwa, yamepakiwa, yameuzwa. Haya si ndoto.

Ng'ambo ya ziwa, Marsabit, tuliona dau la kuchelewa linafanana vipi. Mradi wa umeme wa upepo wa Lake Turkana ulijengwa na mitambo 365 kwenye ardhi ya jamii. Wakazi wakaenda kortini, na Oktoba 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Meru ikasema hati za ile ardhi, ekari 150,000, zilipatikana kinyume cha utaratibu. Walishinda. Lakini mitambo ilikuwa inazunguka tayari na umeme unauzwa. Kushinda mabishano kadi zote zikiwa zimefunguliwa si sawa na kuweka bei kabla.

Sasa Gulf Energy ndio imekaa kile kiti kizuri, na serikali imesema inalenga kuanza kuuza mafuta 2026. Kisheria, mpango wa kuchimba lazima Bunge liuidhinishe, na hapo ndipo Turkana ina nafasi ya kuongea kabla kadi ifunguliwe. Lori la kwanza likishatoka, kila kitu utakachoitisha ni ombi.

Ningekuwa mbogi ya Lodwar, nisingepoteza hewa kwa kazi za ulinzi na tenda za mayai. Ningeuliza nani anasoma mita ya mafuta kisimani na kama kaunti ina mtu wake pale. Ningeuliza ni gharama gani za tangu 2012 zitarudishwa kabla serikali ione senti, na nani alizikagua. Ningeuliza ile 5 itaingia akaunti gani, nani anasaini, na kama akaunti hiyo itakuwepo kabla ya pipa la kwanza ama tutaambiwa kamati inaundwa. Na ardhi: Sheria ya Ardhi ya Jamii iko tangu 2016, na jamii ambayo haijasajili ardhi yake inaongea kupitia kaunti. Mwenye kusajili ana karata yake mwenyewe mkononi, kwa mara ya kwanza.

Halafu kuna swali ambalo Lokichar hawapendi kuulizwa. Sheria ikisema jamii, inamaanisha watu wa kaunti ndogo ambako mafuta yanachimbwa na wanaoathirika. Kijana wa Nakalale ama Kakuma ni Mturkana, ameskia story za mafuta tangu akiwa darasa la pili, na hiyo 5 si yake. Anategemea ile 20 ya kaunti, ambayo itapita ofisi za Lodwar kwanza, na sote tunajua vile ofisi hupitisha vitu. Malori nayo yakianza tena yatatoka Lokichar yakielekea kusini, Kitale, Eldoret, mpaka Mombasa. Hayapiti hata Lodwar. Msee wa Nakalale hana barabara ya kufunga.