Redio zimrudie mkulima wa Upareni

Nalima tangawizi Mamba Miamba, wilayani Same, na redio naenda nayo shambani kila siku. Huku milimani wazee wetu waliipata Sauti ya Injili kwa masafa mafupi: vipindi vya Kiswahili vikiandaliwa Moshi, vikirushwa kutoka Addis Ababa, ambako kituo cha Walutheri kilianza matangazo mwaka 1963. Machi 1977 wanajeshi waliotawala Ethiopia wakakitaifisha. Moshi haikunyamaza, leo inasikika kwa FM.

Lakini kipindi ninachokililia ni kingine. Mwaka 1973 Redio Tanzania iliwaunganisha watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kampeni ya afya, Mtu ni Afya. Walikaa kuizunguka redio moja, wakasikiliza, wakasomewa kijitabu, wakabishana, kisha wakashika majembe wakachimba vyoo. Hiyo ndiyo redio!

Sheria ya utangazaji ya 1993 ilifungua milango kwa vituo binafsi, na ni jambo jema. Lakini sasa nikifungua redio asubuhi ni muziki, mchana mpira, jioni kubeti; bei za mazao sizisikii. Msimu wa mavuno mnunuzi anapandisha lori, anataja bei yake, nasi tunaipokea kwa kuwa hatujui tangawizi inauzwaje sokoni Kariakoo. Huo si uungwana, na dawa yake ni rahisi.

Ndugu wenye vituo mnaosikika Same, tupeni nusu saa tu, saa moja jioni tukiwa tumerudi nyumbani: bei za mazao, mvua, hali ya barabara za mlimani. Muziki uendelee baada ya hapo.